Mfasiri wa Barua Zetu

Ukimaliza kuandika barua yako, Mfasiri hakuichukua. Alikutazama juu ya miwani, akakuambia uisome kwa sauti, kisha akaisoma yeye, neno kwa neno, na kila baada ya sentensi akauliza, "Ndivyo?" Ukijibu ndivyo, anaendelea. Ukisitasita, kalamu inawekwa chini. Barua ya mistari kumi iliweza kula nusu saa, na nje kwenye benchi sisi wengine tulikuwa tunagombania zamu, huku fundi cherehani wa chumba cha jirani akitutishia kutushona midomo. Mwisho wa yote Mfasiri alikunja karatasi, akatamka kwa sauti ya mtu mwenye madaraka, "Njia iko wazi." Hapo ulitoka mbio ukijiona umefanya jambo kubwa.

Ofisi ilikuwa Magomeni, pale Kilosa mjini, vyumba viwili vya kupanga na benchi moja barazani. Shirika lilitusomesha kwa pesa za wafadhili wa ng'ambo, na kila mtoto alikuwa na mfadhili wake ambaye hajawahi kumwona. Ili mfadhili asichoke, mtoto alitakiwa kumwandikia. Sisi tuliandika Kiswahili, Mfasiri akageuza Kiingereza, na majibu yalipokuja akayageuza yaturudie. Jina lake halisi sikulijua utotoni, na nilipokuja kulijua ukubwani halikunikaa. Hata mkewe, mbele za watu, alimwita Mfasiri. Basi na abaki hivyo.

Kabla ya barua zetu alikuwa karani wa stesheni. Alipenda kutueleza jinsi kazi ile ilivyokuwa. Reli ilikuwa moja, treni ni nyingi, kwa hiyo stesheni haikuruhusiwa kuachia treni mpaka iiulize stesheni ya mbele kwa simu. Stesheni ya mbele nayo ilirudia ujumbe wote kama ulivyotumwa, bila kuongeza wala kupunguza, ndipo ikajibu kwamba njia iko wazi. Ukipamba ujumbe, alisema, unaua watu. Kiingereza chake alikipata humo humo kwenye kitabu cha kanuni za reli, ndiyo maana kilikuwa kifupi na kikavu, na nadhani wafadhili wetu waliamini watoto wote wa Kilosa ni watu wa maneno machache.

Kwa shikamoo alikuwa mkali kuliko bibi yangu. Ukimsalimia huku unatafuna kitu, alikurudisha nje, ukabisha hodi upya, ukasalimia upya. Lakini akishaitikia marahaba alivuta kiti mbele na kusema, "Haya, heshima imekwisha. Sasa tuseme ukweli." Nimekaa na watu wengi wanaofundisha haki za mtoto kwenye semina, wenye kalamu za rangi na karatasi kubwa za ukutani, na sijasikia somo lililonifaa kuliko hilo. Mtoto aliruhusiwa kuwa na adabu na bado akasema anachotaka. Kwetu hilo lilikuwa jambo geni.

Msimamizi wa ofisi alikuwa dada mmoja mchangamfu, mwenye moyo mzuri, ambaye aliogopa makao makuu kama sisi tulivyoogopa fimbo. Kila Jumamosi aliandika ubaoni sentensi za kutusaidia: Nimefurahi sana kupokea zawadi yako. Nakuombea kila siku. Sote tulinakili. Tukifika kwa Mfasiri, anauliza, "Zawadi gani?"

"Sijui, babu."

"Basi hujafurahi bado. Futa."

Kuna siku msichana mmoja wa familia ya wafugaji, aliyetembea kutoka bondeni kuja shule, aliandika kwamba nyumbani kwao amezaliwa ndama jike na wamempa jina la mfadhili wake. Dada Msimamizi alishika kichwa. Mzungu mzima ataitwaje ng'ombe? Akataka sentensi iondolewe. Mfasiri akamuuliza msichana kwa nini wamempa ndama jina hilo. Msichana akasema baba yake hajawahi kumpa ng'ombe jina la mtu asiyemheshimu. Sentensi ikaenda hivyo hivyo. Majibu yalipokuja, yule mfadhili hakuuliza habari za shule hata kidogo. Alitaka kujua ndama anaendeleaje, ana rangi gani, na kama amekwisha acha kunyonya.

Nisije nikamfanya malaika. Nyumbani kwake watoto hawakuruhusiwa kufungua mdomo wakati baba anakula. Binti yake mkubwa alipenda kushona tangu akiwa mdogo, alikuwa anaokota vitambaa kwa yule fundi wa jirani na ofisi, lakini Mfasiri aliamua kwamba atakuwa muuguzi, akampeleka kusoma Berega bila kumuuliza. Yeye aliyetuuliza "ndivyo?" baada ya kila sentensi! Mkewe alikuwa akicheka na kusema, "Haki zote anazimalizia ofisini. Hapa kwangu anarudi na njaa tu." Tena alikuwa mwizi wa drafti. Mtu ambaye hakuthubutu kuhamisha nukta kwenye barua ya mtoto wa darasa la pili alikuwa anahamisha kete za wenzake mchana kweupe, na ukimkamata anakuambia macho yako mabovu. Nilimpenda na haya yote, na mengine yaliniudhi.

Sasa nieleze habari ya kalenda, maana ndiyo iliyonifanya nimkumbuke kila siku.

Mwaka mto Mkondoa ulipoingia mjini tulihamia kwenye mahema, mama na mimi na mdogo wangu. Wakaja wageni wa shirika na mpiga picha. Siku hiyo nilikuwa nimevaa viatu na sweta jekundu, kwa sababu mama alikuwa ameokoa sanduku la nguo kabla ya godoro. Mpiga picha akaniambia nivue viatu. Kisha sweta. Kisha akaniambia nishike sufuria. Sufuria ilikuwa na ugali wa moto, tukauhamishia kwenye sahani ili nishike sufuria tupu. Jua lilinichoma machoni, nikakunja uso. Wakapiga. Tukarudi kula ugali wetu.

Mwaka uliofuata shirika lilitoa kalenda, na kama kawaida kila familia ilipewa yake. Ukurasa wa Machi ulikuwa mimi. Peku, gauni la ndani, sufuria tupu, uso wa kilio. Kalenda ile ilitundikwa dukani, saluni, kwa muuza mkaa, hata kwenye ukuta wa darasa letu. Mwezi mzima Magomeni nzima ilinitazama nikiwa na njaa ambayo sikuwa nayo. Shuleni wakanipa jina la Machi. Mwezi ulipokwisha watu wakafunua ukurasa mwingine, lakini jina likabaki. Aprili niliitwa Machi, Juni niliitwa Machi. Mama alikuwa anauza vitumbua barazani, na siku moja mteja akamwambia kwa huruma ya kweli, "Pole, Mama Zuhura, kumbe mtoto alikuwa anashindia sufuria tupu." Mama alifunga biashara siku ile saa nne asubuhi. Sikuwa nimewahi kumwona akifunga mapema, na nilimsikia akilia chumbani.

Jumamosi iliyofuata niliandika barua. Nilikuwa darasa la sita. Niliacha sentensi za ubaoni zote, nikaandika hivi:

*Mfadhili wangu. Mimi sijambo. Mtoto wa ukurasa wa Machi ni mimi. Siku ile nilikuwa na viatu, niliambiwa nivue. Sufuria ilikuwa na ugali. Mama yangu anafanya kazi kila siku na sisi tunakula. Hakuna aliyeniuliza kama nataka picha. Iondoeni.*

Dada Msimamizi aliisoma akiwa amesimama, akakaa. "Hii haiendi," akasema. "Zuhura mdogo wangu, andika nyingine. Huyu mama wa watu akikasirika akajitoa, nani atakushonea sare? Nani atakulipia sekondari? Na wenzako je, wafadhili wao wakisikia?"

Hakuwa anasema uongo. Hilo ndilo lililonitisha. Kwetu shirika likikutoa kwenye orodha, ulikuwa unajua umerudi wapi.

Mfasiri alikuwa mezani kwake, penseli sikioni. Akanyoosha mkono, akaichukua ile karatasi.

"Mzee wangu, nimesema haiendi," Dada akarudia.

"Nimesikia. Katika reli, stesheni haina ruhusa ya kubadilisha ujumbe wa stesheni nyingine."

"Hapa si reli."

"Ndiyo maana mnagongana."

Lakini hakuituma siku ile. Aliiweka mfukoni, na jioni akaja kwetu kwa baiskeli. Mama alimpa kigoda, akamsalimia, akaendelea kukoroga unga. Mfasiri hakuzunguka. Alimsomea mama barua yote, kisha akasema, "Mwanangu, nakuambia yaliyo mbele. Mfadhili anaweza kukasirika. Akikasirika, binti anaweza kuondolewa. Mimi pia wanaweza kuniondoa, ila mimi nina pensheni yangu. Nyinyi mna nini?"

Mama aliongeza unga, akakoroga. Mdogo wangu alikuwa amelala mapajani mwangu na mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi, nikaogopa hata kuusogeza. Nilitaka mama aseme iende. Nilitaka pia aseme isiende, ili lawama iwe yake. Hakusema lolote kati ya hayo mawili. Aliinua mwiko, akauliza, "Mwenyewe anasemaje?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza hivyo mbele ya mtu mzima mwingine. Nikasema, "Iende."

Mfasiri akawasha tochi, akasoma sentensi ya kwanza. "Ndivyo?" Ndivyo. Ya pili. Ndivyo. Alipofika "Iondoeni" alisimama, akanitazama juu ya miwani, nikasema ndivyo kabla hajauliza. Akakunja karatasi. Nikangoja aseme maneno yake ya mwisho, yale aliyowaambia watoto wote. Hakuyasema. Aliniambia tu, "Kalale," akapanda baiskeli. Nilidhani amesahau kwa sababu hatukuwa ofisini.

Miezi ilipita mirefu. Kila Jumamosi nilipita ofisini, na Dada Msimamizi alitikisa kichwa kabla sijauliza. Mama alianza kuweka akiba ya vitambaa vya sare kimyakimya. Tulikuwa tunajiandaa kuondolewa.

Jibu lilipofika, Mfasiri alinisomea mlango ukiwa wazi, wenzangu wote wakisikiliza toka kwenye benchi. Mfadhili wangu alikuwa bibi mzee, mwalimu mstaafu. Aliandika kwamba ameitoa kalenda ukutani kwake, kwamba ameona haya, na kwamba ameandikia makao makuu kuwauliza kwa nini mtoto avuliwe viatu ili yeye atoe msaada ambao angeutoa hata kwa mtoto aliyevaa viatu. Aliendelea kunifadhili. Alinishukuru pia kwa kumwomba kwa upole. Hapo Mfasiri alikohoa kidogo, akageuza karatasi. Nilijua sikumwomba mtu, wala sikuwa na upole wowote siku ile, lakini nikafikiri labda ndivyo wazungu wanavyomalizia barua.

Kalenda ya mwaka uliofuata ilikuwa na picha za madaraja na mashamba ya mahindi ya Magole. Zikaja na fomu mpya. Kabla ya picha yoyote mtoto mwenyewe aulizwe, na ajibu mwenyewe, hata kama mzazi amekubali. Dada Msimamizi alizigawa kwa furaha kana kwamba lilikuwa wazo lake, na sikumnyima furaha hiyo, kwa sababu tangu siku ile alikuwa anauliza kweli. Fomu ya kwanza alinipa mimi.

"Zuhura, tukupige picha nzuri sasa, na viatu?"

"Sitaki."

Akaandika: hataki. Nikatembea kutoka pale hadi nyumbani kama mkuu wa wilaya. Jina la Machi liliendelea kama mwaka mmoja hivi, kisha likanichoka lenyewe.

Leo mimi ni afisa ustawi wa jamii Mikumi. Kazi yangu ni kukaa na watoto: waliopigwa, waliotoroka, wanaouza mayai na karanga kwenye malori barabarani badala ya kuwa darasani. Nikimaliza kuandika maelezo ya mtoto namsomea, na kila baada ya sentensi nauliza, "Ndivyo?" Wenzangu hulalamika kwamba foleni haisogei. Nawaambia nimefundishwa na reli. Wanadhani nazungumzia treni ya umeme, nami siwasahihishi.

Mwaka huu nilisikia kwamba Mfasiri haoni vizuri na amehamia kwa binti yake, Magole. Siku ya mapumziko nikapanda basi. Nilimkuta barazani, kofia kichwani, magoti yamevimba, amevaa shati la kitenge lililomkaa kama amezaliwa nalo. Nyuma yake cherehani ilikuwa inalia. Binti yake alimaliza uuguzi Berega, akafanya kazi miaka miwili, akakifungia cheti sandukuni na kufungua duka la kushona. Sasa baba anavaa kile asichotaka kishonwe. Nilipolisifu shati akasema, "Mshono mzuri," na ndani cherehani ikanyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani?"

"Zuhura. Wa kalenda."

Aliunyoosha mkono mpaka akaupata wangu, akaushika asiuachie.

"Haya, heshima imekwisha," akasema. "Nilikuwa nakungoja. Kuna ujumbe wako niliuharibu."

Nikadhani uzee. Akaendelea, polepole, kama mtu anayetoa ripoti ya ajali. Usiku ule aliporudi nyumbani alikaa na barua yangu akaifasiri kama ilivyo, mpaka sentensi ya mwisho. Hapo akaona sare yangu, akaona sekondari, akaona mama akikoroga unga. Akaogopa. Akaongeza neno moja.

"Nilichomeka plizi," akasema. "Tafadhali iondoeni. Hukusema tafadhali. Nilikurudia yote, ukasema ndivyo, halafu nikaenda kuongeza la kwangu. Ndiyo sababu sikukuambia njia iko wazi. Haikuwa wazi. Miaka yangu yote kazini nimeongeza neno hilo moja tu, na nililitia kwako."

Nilikasirika. Nasema kweli, mtu mzima mimi, mwenye ofisi na muhuri, nilitaka kuuchomoa mkono wangu. Ule upole niliopongezwa nao ulikuwa wake. Miaka yote nilitembea nikiamini kwamba niliamuru na nikasikilizwa, kumbe nilikuwa nimeombewa.

Kisha nikakumbuka karatasi iliyokuwa mezani kwangu Mikumi wiki ile ile. Wageni wa mradi walitaka kumpiga picha za video binti anayeuza mayai stendi. Nilimuuliza, akajibu "Sitaki," akirudisha ndoo yake kichwani. Nami kwenye ripoti, kwa kuogopa mradi usituhame, nikaandika kwamba mtoto angependelea asipigwe picha kwa sasa. Nilimsomea yote isipokuwa sentensi hiyo. Nilikuwa nimeichomeka plizi yangu, na wala sikuwa nimekosa usingizi.

Nikamwambia hayo. Alisikiliza kichwa kimeinama. Hakunilaumu wala hakunifariji.

"Ripoti imekwisha kwenda?"

"Bado. Inaenda Jumatatu."

"Basi treni yako haijaondoka," akasema. "Yangu iliondoka. Nisomee ile ya kwako, upya. Bila neno langu."

"Sina nakala, babu."

"Hukuwa na nakala siku ile pia. Ilikuwa kichwani."

Ilikuwepo. Nilisimama, sijui kwa nini nilisimama, nikaisema yote kwa sauti. Viatu, sufuria, ugali, mama yangu anafanya kazi kila siku. Nilipofika mwisho nikasema "Iondoeni" kwa nguvu mpaka binti yake akatoka na sindano mdomoni kuuliza kitu gani kiondolewe.

Mfasiri alimwashiria anyamaze. Akanirudia sentensi zote, moja moja, bila kukosea hata moja, na kila moja akauliza, nami nikaitikia. Alipofika ile ya mwisho aliitamka jinsi nilivyoitamka mimi, kali, isiyo na kitu mbele yake wala nyuma yake.

"Ndivyo?"

"Ndivyo."

Akauachia mkono wangu, akajiweka sawa kwenye kiti, akavuta kola ya shati.

"Njia iko wazi," akasema.